Kuandika kwa Kujitegemea: Pesa Ziko Wapi?

Mwandishi Kithaka wa Mberia alizaliwa Tharaka, enzi hizo ikiwa sehemu ya Wilaya ya Meru. Tamthilia yake Kifo Kisimani, iliyotolewa na Marimba Publications ya Nairobi, iliteuliwa kutahiniwa katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa sekondari. Hapo ndipo penye pesa. Kitabu kikiteuliwa, wanafunzi hukihitaji, iwe Chuka ama Runyenjes. Riwaya isiyoteuliwa, hata iwe tamu kama asali ya Mbeere, husubiri mnunuzi mmoja mmoja.

Wengi basi huanzia magazetini. Mwandishi wa kujitegemea wa mjini Maua hupanda matatu kufuatilia kesi mahakamani, nauli na bando akijilipia, kisha hulipwa kwa habari iliyochapishwa tu. Mhariri akiitupa, hasara ni yake.

Mtego mkubwa zaidi, na wachache huuona mapema, umo kwenye sheria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Lakini kazi ikiwa imeagizwa, haki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa wawili hao wamekubaliana vinginevyo. Anayeombwa kuandika historia ya chama cha ushirika cha kahawa kule Embu, kwa mfano, aweke sharti lake kwa maandishi kabla ya kugusa kalamu.

Na anayejichapishia? Huyo atahitaji nambari ya kitabu, ISBN, ambayo hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa, KNLS.