Friji Lenye Friza Chini: Kulichagua na Kulitunza Nyumbani

Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi, Tunduru

Nawashukuru wote mliotuunga mkono tangu tulipokuwa tunakaa chini ya mwembe na sanduku letu la kufuli tatu. Historia ya kikundi itasomwa na Katibu, na hesabu zitasomwa na Mweka Hazina. Mimi kamati imenipa mada moja tu, nayo ni friji.

Najua wapo wanaocheka. Watasema, sherehe ya miaka kumi, halafu mwenyekiti anasimama kuongea habari za friji! Lakini jamani, tuangalie maombi ya mikopo yanayoletwa mezani. Miaka ya mwanzo mama alikuwa anakopa anunue bati, mbegu, au sare za mtoto. Sasa nyumba imeshaezekwa, umeme umeingia, na ombi ni friji. Ukiacha nyumba yenyewe, friji ni moja ya vitu vya bei kubwa kuliko vyote ambavyo wengi wetu tutanunua. Na pesa ile si ya mkopaji peke yake, ni hisa zetu sote. Friji likifa kabla deni halijaisha, mwenzetu anabaki analipia chuma kibovu, na kikundi kinangoja marejesho yanayokuja kwa kusuasua. Ndiyo maana kamati imeona tuliongee hadharani.

Mimi mwenzenu elimu yangu ni darasa la saba. Sikusomea umeme. Haya ninayosema tumeyakusanya kwa mafundi, kwa vitabu vidogo vinavyokuja na mafriji, na kwa akina mama ambao wanayo nyumbani.

Ndugu zangu, jambo la kwanza ni umeme. Zamani hapa Tunduru tulikuwa tunategemea umeme wa jenereta za mafuta. Njia kuu ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea ilikamilika mwaka 2018, mkoa wetu ukaanza kupata umeme wa gridi ya taifa. Ni maendeleo makubwa. Lakini umeme wa LUKU haukopeshwi, unanunuliwa kwanza ndipo unatumika. Na sisi pesa yetu inakuja na korosho. Minada ikichangamka mwezi wa kumi na wa kumi na moja, kila mtu anakimbilia dukani. Hapo ndipo friji linanunuliwa kwa shangwe. Sasa friji halili mwezi wa kumi na moja tu. Linakula Februari, linakula Machi, wakati mahindi bado yako shambani na mfuko umenyauka. Kwa hiyo kabla ya kuuliza friji bei gani, uliza kwanza: Machi nitalilisha nini?

Hesabu yake si ngumu. Friji jipya huwa lina karatasi iliyobandikwa, imeandikwa linatumia yuniti ngapi kwa mwaka. Igawe kwa 12. Kama imeandikwa 300, hiyo ni yuniti 25 kwa mwezi, na kwa joto letu la Oktoba na Novemba ongeza kidogo. Halafu jumlisha na taa, televisheni na pasi. Wale walio katika kundi la bei nafuu, la yuniti zisizozidi 75 kwa mwezi, wawe waangalifu. Ukivuka 75, zile zinazozidi zinauzwa bei ya juu zaidi. Friji linaweza kukuvusha mpaka huo bila wewe kujua, halafu ukaanza kumshuku mpangaji kwamba anaiba umeme.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Mafriji ya nyumbani yako ya namna nyingi, lakini sisi tutakutana na matatu: lenye friza juu, lenye friza chini, na friza ya kulala ambayo mlango wake unafunguka kwenda juu.

Hili lenye friza chini ndilo wengi mmekuwa mnaliulizia. Uzuri wake ni huu. Kwa siku moja mama anafungua upande wa friji mara nyingi sana: maji, maziwa, mboga, kiporo. Friza anaifungua labda mara moja, akitoa nyama au samaki. Basi vile vya kila saa vinakaa juu, usawa wa kifua na macho, huinami. Sisi ambao migongo imeshalima miaka thelathini tunaelewa maana yake. Na friza yake ina droo. Hewa ya baridi ni nzito, inashuka chini. Ikiwa ndani ya droo inatulia, haimwagiki yote ukifungua mlango.

Ubaya wake nao tuuseme. Kwa ukubwa ule ule, mara nyingi ni la bei zaidi kuliko lenye friza juu. Droo zake ni za plastiki, ukizijaza nyama ya mbuzi mzima zinapasuka. Na mlango wa chini uko usawa wa mtoto. Mtoto akijifunza kuufungua atauchezea kutwa.

Je, kwa biashara? Hapa nasema wazi. Kama unataka kuuza barafu za watoto, juisi ya ukwaju au ya ubuyu, usinunue friji lenye friza chini. Droo zake hazitoshi, na kila mteja atakufanya ufungue mlango. Nunua friza ya kulala. Ukiinua mfuniko wake baridi inabaki ndani kama maji kisimani. Friji la nyumbani na friza ya biashara ni vitu viwili, na kwenye fomu ya mkopo tuandike ni lipi tunaombea.

Ukubwa nao usikudanganye. Familia ya watu watano au sita, lita 200 hadi 300 zinatosha. Linalozidi hapo ni kupoza hewa tupu.

Mafriji ya mitumba yapo, na mengine ni mazima. Ila angalia kibao cha nyuma mambo mawili. La kwanza ni volti. Umeme wetu ni volti 230. Friji lililotengenezwa kwa matumizi ya Japani linataka volti 100, la Marekani 120. Ukilichomeka hapa moja kwa moja litaungua. La pili ni gesi. Ukikuta R12, liache. Gesi hiyo ilikuwa inaharibu tabaka la ozoni linalotukinga na jua kali. Mataifa yalikubaliana Montreal mwaka 1987 kuziondoa gesi za aina hiyo, na nchi zetu zinazoendelea zilipewa mpaka mwaka 2010. Ikivuja utapata taabu kuijaza. R134a bado ipo, lakini nayo inapunguzwa kufuatana na makubaliano ya Kigali ya mwaka 2016. Mafriji mengi mapya yanatumia R600a. Hiyo haina shida, ila inashika moto. Fundi akija na moto wa kuchomea, mwambie asome kibao kwanza, na kazi ifanyike nje penye hewa.

Dukani usione haya. Lichomekwe mbele yako, ulisikilize. Chukua noti au karatasi, ibane kwenye mlango, uivute. Ikitoka kirahisi, mpira wa mlango umelegea. Zunguka mlango mzima hivyo hivyo. Na usiondoke bila risiti na karatasi ya dhamana.

Ndugu wanakikundi, mafriji mengine yanaumia kabla hayajafika nyumbani. Mwenzetu mmoja, jina simtaji, aliletewa friji kutoka Masasi limelazwa juu ya magunia. Lilivyoshushwa tu, likachomekwa, maana watoto walikuwa wanangoja maji baridi. Baada ya siku chache linaunguruma lakini halipozi. Mafundi wanatueleza kwamba kompresa, ile mota iliyoko nyuma chini, ina oili yake. Friji likilazwa oili inakimbilia kwenye mabomba. Kwa hiyo lisafirishwe limesimama. Kama lililazwa, lisimamishe usiku kucha mpaka kesho yake, ndipo uliwashe.

Pa kuliweka pawe tambarare, mbali na jiko la mkaa na mbali na dirisha la jua la mchana. Nyuma liachie nafasi kama upana wa kiganja, kwa sababu joto linalotolewa ndani linatokea huko. Ukilibana ukutani na kulifunika vitambaa vya kufuma kila upande, unalivisha koti mwezi wa Novemba. Kitambaa kizuri tandika mezani.

Kuhusu umeme kukatika na kurudi, nunua kile kifaa cha kulinda friji, kinachokaa kati ya plagi na soketi. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kompresa. Kazi yake ni kukata umeme ukiwa mdogo mno au mkubwa mno, na ukirudi kinasubiri dakika chache kabla ya kuuruhusu. Kompresa ikiwashwa hapo hapo baada ya kuzimika inasukuma mzigo ambao haujashuka, inaungua. Kama huna kifaa, umeme ukikatika chomoa, na ukirudi hesabu dakika tano. Mvua za radi zikianza, chomoa pia.

Na giza likiingia, usifungue mlango! Friji lililofungwa linatunza baridi kama saa nne. Friza iliyojaa inaweza kufika siku mbili, iliyo nusu siku moja. Ndiyo sababu friza isiyo na nyama tunaijaza chupa za plastiki za maji, tukiacha nafasi juu ya kila chupa maana barafu inavimba.

Matunzo ya kila wiki ni kufuta kilichomwagika na kusafisha mpira wa mlango kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo. Kila baada ya miezi michache chomoa, ufagie vumbi la nyuma kwa brashi laini. Vumbi letu la kiangazi mnalijua. Kama friji lako linaganda barafu, ukiona imefika nusu ya unene wa kidole, lizime, acha mlango wazi, iyeyuke yenyewe. Msichokonoe kwa kisu! Kisu kikitoboa bomba, gesi imekwenda. Kama ni la aina isiyoganda, lina feni ndani; usizibe matundu yake kwa vyakula.

Sasa chakula chenyewe. Friji liwe kwenye nyuzi 4, friza nyuzi 18 chini ya sifuri. Shirika la Afya Duniani linatuambia chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kipoze kidogo, kigawe kwenye vyombo vidogo, kifunike, kiingize. Nyama na samaki wabichi wa siku hiyo wakae rafu ya chini kabisa, kwenye chombo chenye mfuniko, damu isidondokee mboga. Vitunguu, viazi na ndizi havihitaji friji. Na kumbukeni, friji linachelewesha kuoza, halifufui kilichooza. Nyama iliyoyeyuka siku nzima na kunuka haiponi kwa kugandishwa tena.

Kwa kumalizia, kamati inapendekeza mambo matatu kwa mkutano mkuu. Moja, mwombaji wa mkopo wa friji alete hesabu ya yuniti za mwezi, si bei ya dukani peke yake. Mbili, bei ya kifaa cha kulinda friji iingizwe ndani ya mkopo huo huo. Tatu, risiti na karatasi ya dhamana zitolewe nakala na kutunzwa na Katibu mpaka deni liishe.

Wenzangu, miaka kumi tumejifunza kutunza pesa. Miaka inayokuja tujifunze kutunza vile tunavyovinunua kwa pesa hiyo.

Akina mama oyee! Kikundi chetu oyee!