Kompyuta Kuukuu Inapoganda: Tuitupe au Tuitengeneze?

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa



Nimeombwa nizungumze juu ya kompyuta za shule yetu. Mchana huu tutakata shauri ama ziandikwe kuwa mali chakavu na michango yetu inunue nyingine, ama zibaki zifanye kazi. Lalamiko la wanafunzi ni moja: ukifungua video ya masomo katika intaneti, baada ya muda mfupi kompyuta inaganda, na hata ukibonyeza nini haikusikii. Jambo hili si dogo. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayejiandaa kwa mtihani wa vitendo wa kemia, siku ambayo dawa za maabara zimekwisha, hana njia nyingine ya kuona asidi ikipimwa tone kwa tone ila katika video ile. Ikiganda, na somo limeganda.

Mimi ni mtumishi wa Serikali, na kazini tumefundishwa kwamba mali ya umma haifutwi kwenye leja kabla haijakaguliwa. Nawaombeni tufuate kanuni hiyo hiyo hapa. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Kwa kuwa wengi wetu tumelelewa kati ya Handeni na Korogwe, nianze na mashine tunayoijua. Katika mashamba ya mkonge iko korona, ile mashine ya kusaga majani ili kupata singa. Korona ikikwama, fundi mwenye akili haanzi kwa kusema mashine imekufa. Hutazama kwanza: je, majani yanaletwa mengi kupita uwezo wake? Je, visu vimechakaa? Je, maji yanafika? Kompyuta nayo ni vivyo hivyo.

Video ni mfululizo wa picha, kwa kawaida 25 au 30 kwa kila sekunde. Zingeletwa kama zilivyo, mtandao wa kawaida usingezibeba, kwa hiyo hufungwa zikawa ndogo, na kompyuta yako ndiyo inayozifungua moja baada ya nyingine. Picha ya kiwango cha 1080 ina nukta zaidi ya milioni 2. Picha ya kiwango cha 360 ina nukta 230,400 tu, yaani sehemu moja ya tisa. Basi mwanafunzi anayechagua kiwango cha 1080 kwenye kompyuta kuukuu anaibebesha mizigo tisa badala ya mmoja, kisha anaishangaa inapopiga magoti.

Tena namna ya kuzifunga picha imebadilika. Kanuni iitwayo H.264 ilitoka mwaka 2003, na kompyuta nyingi za miaka iliyofuata zina kifaa maalumu ndani ya kadi ya picha cha kuifungua. Baadaye zikaja VP9 mwaka 2013 na AV1 mwaka 2018. Hizi hupunguza mzigo wa mtandao, lakini kadi za zamani hazizijui. Kazi yote humwangukia prosesa, naye hutoka jasho. Ndiyo maana kompyuta iliyoonyesha video vizuri miaka kumi iliyopita inaganda leo, ingawa haikuharibika kitu.

Sasa tuingie katika uchunguzi. Nitautaja kwa utaratibu, kwa sababu anayeanzia katikati hupoteza siku nzima.

Kwanza, tutenganishe kosa la mtandao na kosa la kompyuta. Kama picha imesimama na alama ya kusubiri inazunguka, lakini mshale wa mausi unatembea, hapo mtandao ndio uliochelewa. Kama mshale nao umekufa, kosa limo ndani ya kompyuta. Kwa uhakika zaidi, chukua video iliyomo kwenye flashi, uiendeshe bila mtandao kwa nusu saa. Ikienda vizuri, tazama mtandao au kivinjari. Ikiganda nayo, endelea na hatua ya pili.

Pili ni joto. Kompyuta inayoganda baada ya dakika kumi au ishirini, na si mara tu inapowashwa, huwa mara nyingi imepata joto. Ninyi mnaijua vumbi nyekundu ya Handeni wakati wa kiangazi: inapita dirishani, inapita chini ya mlango, inakaa juu ya feni kama blanketi. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, fungua boksi, toa vumbi kwa brashi laini na pumzi ya hewa. Shika feni kwa kidole isizunguke ovyo unapoipuliza. Feni isiyozunguka ibadilishwe. Katika kompyuta ya miaka mingi, grisi ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa huwa imekauka, nayo ipakwe upya na mtu anayejua kazi hiyo.

Tatu ni kumbukumbu. Bonyeza pamoja Ctrl, Shift na Esc, dirisha la Task Manager litafunguka na kukuonyesha kinachokula nguvu. Kumbukumbu ikiwa imejaa, funga madirisha yasiyo na kazi na uzuie programu zinazojiwasha zenyewe. Kompyuta yenye GB 2 inahangaika sana na kurasa za siku hizi. Kuiongezea ikafika GB 4 ni gharama ndogo mno kuliko kununua nyingine. Lakini prosesa ikionyesha asilimia 100 huku kumbukumbu ina nafasi, tatizo ni kule kufungua picha.

Nne, basi, ni kupunguza mzigo. Shusha video hadi kiwango cha 480 au 360. Kwa maandishi ya ubaoni na chupa za maabara hicho kinatosha. Viko viongezo vya bure vya kivinjari, kama h264ify, vinavyoiomba YouTube ilete video kwa ile kanuni ya H.264 ambayo kadi ya zamani inaijua. Vilevile, katika mipangilio ya kivinjari ipo sehemu ya kuiruhusu kadi ya picha isaidie kazi. Ikiwa draiva ya kadi ni mbovu, msaada huo wenyewe ndio unaogandisha kompyuta. Uzime, uwashe kivinjari upya, ujaribu. Usipoona nafuu, urudishe kama ulivyokuwa.

Tano ni diski. Ukisikia inagonga ndani, au kufungua barua fupi kunachukua dakika nyingi, nakili kwanza mafaili yote mahali pengine kabla ya kufanya jambo lolote. Kompyuta hununuliwa, kazi ya mwanafunzi hainunuliwi.

Sita ni programu iliyopitwa na wakati. Windows 7 iliacha kupata marekebisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Flash, iliyokuwa ikionyesha video nyingi za zamani, ilikoma mwishoni mwa mwaka 2020, kwa hiyo ukurasa unaoidai hautafunguka hata ungekuwa na kompyuta mpya ya leo asubuhi. Kwa kompyuta kuukuu iko njia ya kuweka Linux ya aina nyepesi, nayo haiuzwi, inatolewa bure.

Ndugu zangu, katika hatua zote hizi iko sheria moja: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, jaribu, kisha andika katika daftari. Fundi anayebadilisha vitu vinne kwa pamoja, hata kompyuta ikipona, hajui ilipona kwa dawa gani, na ya pili ikiugua ataanza upya. Hii ndiyo sayansi tuliyofundishwa katika madarasa haya haya.

Nchi yetu ina historia ya kujifunza katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na ilichukua miaka mingi hadi mlango ukafunguliwa tena. Mwezi Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam, na intaneti ya kasi ikaanza kupanda bara. Somo ninalolipata ni hili: mashine isiyo na watu wanaoielewa ni mzigo, iwe mpya au kuukuu. Tukinunua mpya leo bila kufundisha mtu kufagia feni, vumbi litazikuta zile nazo, na wajukuu wetu watakutana hapa kujadili ajenda hii hii.

Sisemi kwamba kila kompyuta itapona. Ile ambayo ubao wake mkuu umeungua, au ambayo vipuri vyake vinagharimu zaidi ya thamani yake, ifutwe kwa utaratibu, na sehemu zake nzima ziwasaidie wenzake. Lakini iwe imehukumiwa kwa ushahidi.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu. Kwanza, uamuzi wa kununua usubiri muhula mmoja, na katika muhula huo kila kompyuta ikaguliwe kwa hatua hizi sita na matokeo yaandikwe. Pili, iundwe klabu ya mafundi wanafunzi, wavulana wa kidato cha pili na cha tatu, chini ya mwalimu mmoja, na sisi wakubwa tuchangie brashi, feni, grisi na kumbukumbu. Tatu, video za masomo ambazo wenyewe wameruhusu zipakuliwe mara moja, ziwekwe kwenye kompyuta moja, wanafunzi wazitazame kutoka hapo bila kula bando kila siku. Fedha itakayosalia ndiyo inunue zile chache zitakazokosekana kweli.

Nanyi wadogo zetu, msingoje mgeni kutoka Dar es Salaam aje na bisibisi. Daftari lianze kesho, na jina la kwanza ndani yake liwe la mmoja wenu.