Anapotoka Gerezani: Kurekebisha Waliohukumiwa kwa Makosa ya Kingono

Hotuba ya afisa wa kaunti wa jinsia na huduma za jamii kwa machifu, wahudumu wa afya ya jamii na viongozi wa dini



Swali ninaloulizwa kila wadi ni hili: mtu aliyefungwa kwa kosa la kingono akimaliza kifungo na kurudi kijijini, tumfanyeje? Wengine wanasema afukuzwe. Wengine wanasema ameokoka, apewe darasa la watoto kanisani. Majibu yote mawili ni ya hatari. Akifukuzwa, atahamia mahali asipojulikana. Akipewa darasa, tumemkabidhi watoto.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 ina jibu la tatu. Kifungu cha 39 kinairuhusu mahakama kumtangaza mtu kuwa mkosaji hatari na kuagiza asimamiwe baada ya kutoka. Anaweza kuamriwa ahudhurie programu ya kurekebisha tabia, asifike mahali fulani, au aache pombe na dawa za kulevya.

Lakini si kila programu inafaa. Uingereza walianzisha mafunzo ya vikundi magerezani mapema miaka ya 1990. Wafungwa waliketi pamoja, wakaeleza makosa yao na kufundishwa kumhurumia aliyeumizwa. Kila mtu aliona ni jambo jema. Kisha serikali yao ikafanya hesabu. Wanaume 2,562 waliopitia mafunzo hayo walilinganishwa na wengine 13,219 ambao hawakuyapitia. Ripoti ilitoka Juni 2017: waliofunzwa, asilimia 10 walirudia kosa la kingono, wasiofunzwa, asilimia 8. Watafiti walitaja uwezekano kwamba kusimuliana makosa kikundini kuliyafanya yaonekane ya kawaida. Kufikia wakati huo programu ilikuwa imekwisha kufungwa, na nafasi yake ikachukuliwa na nyingine zilizomfundisha mtu kutawala hasira na tamaa, kutatua matatizo na kuishi na watu vizuri.

Funzo kwetu ni kwamba nia njema haitoshi. Toba, machozi na cheti havithibitishi kwamba mtoto yuko salama. Programu ya kikundi iongozwe na mtu aliyesomea kazi hiyo, imlenge aliye katika hatari kubwa ya kurudia, na ipimwe kwa swali moja: je, waliopitia hapa wamerudia kosa?

Kuna kikundi cha aina nyingine, kilichoanzia Hamilton, nchini Kanada, mwaka 1994. Majirani wachache waliofunzwa hukutana mara kwa mara na mtu aliyetoka gerezani. Humsaidia kupata makao na kazi, na pia humuuliza maswali magumu: ulikuwa wapi, na nani, kwa nini? Wakiona dalili za hatari, hawamfichi, wanaripoti. Msaada na uangalizi vinakwenda pamoja.

Magereza na maafisa wa uangalizi wako chini ya serikali kuu. Kaunti inasimamia hospitali, chekechea na huduma za afya kijijini. Kwa hiyo nawaomba mambo matatu.

Kwanza, chifu akijua mtu amerudi, azungumze na afisa wa uangalizi mapema, na mtu huyo asipewe kazi yoyote ya watoto.

Pili, aliyeumizwa asikilizwe kwanza. Familia yake iarifiwe kabla ya kukutana na mkosaji sokoni, na asilazimishwe kupatana naye kwa ajili ya amani ya kijiji.

Tatu, tuache kumaliza kesi hizi chini ya mti kwa mbuzi na pesa. Kesi iliyozimwa na wazee haifiki mahakamani, na asiyefika mahakamani hasimamiwi na mtu wala hafiki kwenye programu yoyote. Huyo ndiye tunayeishi naye bila kumjua.

Mtu akidhulumiwa leo, afikishwe hospitalini haraka, kabla ya saa 72 kupita, bila kuoga wala kufua nguo alizovaa. Simu ya bure ni 1195, na ya watoto ni 116.

Kumrekebisha mkosaji si kumhurumia kupita kiasi. Ni kuhakikisha kwamba hakuna mtoto mwingine atakayeumizwa.