Mgeni wa Wiki Mbili: Hotuba juu ya Wamisheni wa Muda Mfupi katika Shule Zetu

Maneno yaliyosemwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Chwele



Jambo nililopewa si geni masikioni mwenu. Kila mwaka, ifikapo miezi ya Juni na Julai, magari hupita njia ya Chwele yakitoka Bungoma au Kitale, yamewachukua vijana wa makanisa ya ng'ambo, wamevaa fulana za rangi moja, pamoja na masanduku ya zawadi. Hukaa nasi wiki mbili, pengine siku kumi tu. Hufundisha, hupaka rangi madarasa, hucheza na watoto, husali nasi, kisha hurudi kwao. Wanachama wameiuliza Halmashauri: je, Chama kiendelee kuwapokea wageni hawa katika shule tunazozisaidia? Na tukiwapokea, iwe kwa masharti gani? Sikuja kuwalaumu wageni, wala kuwasifu kwa sababu tu wametoka mbali. Nataka tulipime jambo hili pamoja, kwa kuwa linawahusu watoto wetu.

Yafaa kwanza tukumbuke jinsi misheni ilivyoanza pande hizi. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Mwaka uliofuata, 1902, Wamarekani watatu wa Kanisa la Marafiki, yaani Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, wakafungua misheni Kaimosi. Mwaka 1904 akaja Emory Rees, akakaa Vihiga kwa zaidi ya miaka ishirini. Alijifunza lugha ya Walogooli kwa kukaa nao, na kwa msaada wa wenyeji akashughulika na kutafsiri Maandiko katika Lulogooli. Kazi ya Marafiki ikaenea hata Lugulu, katika nchi ya Wabukusu, nao mapadre wa Kikatoliki wakajenga Kibabii. Katika miaka ya 1950 shule ya Kamusinga ikafunguliwa, ikawa sifa ya nchi hii.

Siwataji watu hao ili niseme kwamba kila walilotenda lilikuwa jema. Walikuja katika zama za ukoloni, na mambo mengi ya mila zetu waliyakataza kabla ya kuyaelewa. Elijah Masinde na wafuasi wa Dini ya Msambwa, katika miaka ya 1940, hawakunung'unika bure. Lakini wamisheni wale wa kwanza walikaa. Walipokosa, wazee waliwajua kwa majina na waliweza kuwaendea na kuwaambia. Mgeni wa wiki mbili akikosa, huwa amekwisha panda ndege kabla kosa lenyewe halijaonekana.

Sasa niseme mema yao, kwa maana ni haki kufanya hivyo. Ndugu hawa huja kwa moyo mweupe. Wengi wao ni vijana waliotoa likizo yao, wakachangisha fedha kwa jamaa na makanisa yao. Hukubali kulala penye mbu na kula ugali wasiouzoea. Ziko shule zilizopata matangi ya maji, madawati na vitabu kwa sababu mgeni mmoja aliona shida kwa macho yake, akarudi kwao akawaambia wenzake. Liko pia jambo lisilopimwa kwa fedha: mtoto wa Chwele na kijana wa Marekani wanapoketi kwenye benchi moja, kila mmoja hujifunza kwamba mwenzake ni mtu kama yeye. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Chama hiki kisije kikasahau adabu hiyo ya ukarimu.

Pamoja na hayo, wazee wangu, yako mambo manne ambayo hatuna budi kuyatazama bila haya.

La kwanza ni wakati wa masomo. Likizo ya wageni huangukia katika muhula wetu wa pili, wakati watoto wanajitayarisha kwa mitihani. Mgeni akiingia darasani, mwalimu hukaa pembeni, somo lililopangwa huachwa, na nyimbo na michezo huchukua nafasi yake. Kundi likija moja, hasara ni ndogo. Yakija makundi matatu katika muhula mmoja, mtoto amepoteza sehemu kubwa ya muhula. Isitoshe, sheria ya Kenya juu ya Tume ya Huduma za Walimu, ya mwaka 2012, yakataza mtu kufanya kazi ya ualimu pasipo kusajiliwa. Sheria hiyo haikumtaja mgeni wala mwenyeji. Kijana wa miaka kumi na tisa ambaye kwao hangeruhusiwa kufundisha darasa lolote, kwa nini afundishe la kwetu?

La pili ni kazi za mikono. Vijana wetu waliosomea uashi na useremala hukaa sokoni wakingoja kibarua, huku ukuta wa darasa ukijengwa na mtu ambaye hajawahi kushika mwiko. Wageni wakiisha kwenda, fundi huitwa kimya kimya aubomoe na kuujenga upya. Tufanye hesabu kidogo. Nauli ya ndege kutoka Marekani hadi Nairobi na kurudi mara nyingi hupita dola 1,000. Watu kumi ni dola 10,000. Na kwa thamani ya fedha ya mwaka 2025, dola moja ikiwa karibu shilingi 129, hizo ni shilingi 1,290,000. Tuseme bodi ya shule inamlipa mwalimu wake shilingi 10,000 kwa mwezi. Fedha za nauli peke yake zingemlipa kwa miezi 129, yaani zaidi ya miaka kumi. Najua mtaniambia kwamba fedha hizo zisingetolewa kama watu wasingesafiri. Huenda ni kweli. Lakini ni haki yetu kuwaonyesha wageni hesabu hiyo, nao waipime wenyewe.

La tatu ni heshima ya watoto na ya mila zetu. Picha hupigwa za mtoto aliyechanika nguo, hazipigwi za yule yule Jumapili amevaa vizuri. Katika Agosti ya miaka shufwa, vijana wetu wanapotahiriwa, wako wageni wafikao na kamera mpaka uani, wala hapana mzee aliyeulizwa. Mtoto wa mtu si kitu cha maonyesho.

La nne ni zito kuliko yote, ni usalama wa watoto. Mwaka 2015 mahakama huko Oklahoma, Marekani, ilimtia hatiani kijana aliyekuja Kenya kujitolea katika makao ya watoto. Aliwadhulumu watoto wale, na mwaka 2016 akahukumiwa kifungo cha miaka 40. Alikuja kwa jina la huduma, akaaminiwa kama wengine. Sisemi kwamba wageni wote wako hivyo, hasha. Nasema kwamba nia njema haionekani usoni, na kwamba anayemlinda mtoto hapaswi kuona haya kuuliza maswali.

Swali hili si letu peke yetu. Mwaka 1968, mjini Cuernavaca, Mexico, padre mmoja aitwaye Ivan Illich alisimama mbele ya kundi lililokuwa likiwapeleka wanafunzi wa Marekani vijijini Mexico, akawaambia waziwazi waache kuja kusaidia. Kama wataka kuja, waje kutazama na kujifunza. Maneno yake yalikuwa makali kuliko yangu. Mimi napenda zaidi njia ya Pierre Cérésole, Mswisi, ambaye mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, alikusanya watu wa mataifa yaliyokuwa yamepigana, wakajenga pamoja kijiji cha Ufaransa kilichobomolewa. Njia hiyo imefika kwetu pia: tangu mwaka 1962 pamekuwako chama kiitwacho Kenya Voluntary Development Association, ambacho katika kambi zake mgeni na Mkenya hufanya kazi moja bega kwa bega. Nasi tangu Uhuru wa 1963 tulikuwa na Harambee, tukajenga shule kwa mchanga wa mto na senti za akina mama. Mgeni akija kwenye Harambee iliyokwisha anza, atakuwa mwenzetu. Akija na Harambee yake mwenyewe, sisi tutakuwa watazamaji.

Basi naiomba Halmashauri ipokee mashauri haya, na mkutano huu uyajadili.

Kwanza, kundi lolote liandike barua mapema, na shule ijibu kwa kutaja inachohitaji. Shule ikisema haihitaji mtu mwaka huo, jibu hilo liheshimiwe.

Pili, ziara za michezo na nyimbo ziwe nje ya saa za masomo. Mgeni aliye mwalimu wa kweli kwao akae na walimu wetu, wabadilishane maarifa, na somo libaki mikononi mwa mwalimu wa darasa.

Tatu, kila kazi ya ujenzi iongozwe na fundi wa hapa anayelipwa ujira wake, na mgeni awe msaidizi wake.

Nne, asiwepo mgeni hata mmoja atakayekaa na mtoto peke yake, wala kumchukua nje ya shule, wala kumpiga picha pasipo idhini ya mzazi. Alete barua ya polisi wa kwao kuhusu mwenendo wake, na mwalimu mkuu awajulishe wazazi haki za watoto wao kwa mujibu wa Sheria ya Watoto ya mwaka 2022.

Tano, wanachama wetu, hasa vijana wanaosoma vyuo vikuu, watoe wiki mbili zao kila mwaka katika shule walizosoma. Hatuwezi kumdai mgeni avuke bahari kwa ajili ya watoto ambao sisi wenyewe hatuvuki barabara kuwatazama.

Wazee wangu, wako watakaosema kwamba masharti yatawafukuza wageni, na matangi ya maji yatakoma. Nalifikiri jambo hilo kwa uzito, maana shule isiyo na maji si jambo la mzaha. Huenda wengine watakwenda mahali pasipo na maswali. Lakini wale watakaobaki ni wale waliokuja kwa ajili ya watoto, nao ndio tunaowataka. Methali yetu yasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aliyeitunga hakuwa mchoyo. Alijua kwamba anayepewa jembe amehesabiwa kuwa mtu wa nyumbani, na kwamba mwenye shamba ndiye amwonyeshaye mahali pa kulima.

Mungu akibariki Chama hiki na watoto wa Chwele.