Malaria Haingoji Mnada wa Korosho
(Hotuba kwa kamati za parokia za Nachingwea na Ruangwa)



Tunalo jambo moja: uchumi wa nchi ukiyumba, mgonjwa wa kijijini ndiye anayelipa.

Wazee waliopo hapa wanakumbuka. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na bei ya mafuta kupanda, nchi ilikosa fedha za kigeni. Sabuni ilikuwa ya foleni. Zahanati zilizojengwa baada ya Azimio la Arusha zilibaki na kuta, dawa hakuna. Maboksi ya dawa muhimu yaliyofika vijijini miaka ya 1980 yalitegemea sana msaada wa Denmark. Mwaka 1986 Serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa na kubana matumizi. Mwaka 1993 wananchi wakaanza kuchangia gharama katika hospitali za Serikali, ambako zamani walitibiwa bure.

Kuchangia si kubaya. Shida ni majira. Huku kwetu fedha huja na korosho, kuanzia Oktoba, lakini malaria haingoji mnada. Februari na Machi mvua ni nyingi, chakula kimepungua na mfukoni hamna kitu. Msimu wa 2018 Serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wapo wakulima waliongoja malipo kwa miezi. Katika hali kama hiyo mwenye mgonjwa huuza kuku, kisha baiskeli, au hukaa naye nyumbani mpaka azidiwe.

Nao msaada wa nje una mipaka. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, tulikumbushwa kuwa kabati la dawa linalojazwa kutoka mbali laweza pia kufungwa kutoka mbali.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu.

Kwanza, kamati zihimize kaya zilipie bima ya afya wakati wa malipo ya korosho, fedha ikiwa bado ipo mkononi. Wenzetu wa Igunga walianza Mfuko wa Afya ya Jamii mwaka 1996 kwa mpango wa namna hiyo, kaya kuchangia mara moja kwa mwaka.

Pili, sera ya afya inawasamehe malipo wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wasiojiweza. Lakini mzee asiyejulikana hasamehewi. Kila jumuiya iwatambue watu wake na kuwafikisha kwa serikali ya kijiji waandikwe.

Tatu, ndugu wafadhili, majengo tunayashukuru. Sasa tusaidieni pia kuweka akiba ndogo ya wagonjwa kwa miezi ya njaa, na hesabu zake zisomwe hadharani kila robo mwaka.

Hatuwezi kuzuia uchumi wa dunia usiyumbe. Tunaweza kuhakikisha kwamba, ukiyumba, jirani yetu hafi kwa kukosa nauli na dawa.