Kazi ya Mashine Apewe Nani?

(Mazungumzo yaliyotolewa na mlezi wa kikundi siku ya kuadhimisha miaka kumi, Lalago)



Wenzangu watasoma hesabu na historia ya kikundi. Mimi Katibu ameniomba niseme juu ya jambo lililotugawa katika mikutano mitatu iliyopita. Mnalijua. Kikundi kinanunua mashine ya kusaga, na tutahitaji watu wawili wa kulipwa mshahara: mwendesha mashine na karani wa mizani. Upande mmoja unasema fedha ni za akina mama, basi waajiriwe wanawake tu. Upande wa pili unasema aajiriwe anayeweza, awe mke awe mume, na habari za upendeleo ziishe. Tangu hapo wapo wanaosalimiana kwa shida. Afadhali tuyaseme hadharani, maana leo sisi tuliozoea kuomba kazi tumegeuka waajiri.

Tuanze na sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kubagua. Inataja kabila, dini, jinsia, ujauzito, ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, umri na mengine. Na hailindi tu yule aliyekwisha kuajiriwa. Anayeomba kazi naye amo. Kwa hiyo siku ya usaili tukimwuliza binti, "Umeolewa? Una mimba?" halafu tukamnyima kazi kwa jibu lake, tumevunja sheria, hata kama sote tuliokaa mezani tumevaa kanga.

Lakini kifungu hicho hicho kinasema kwamba hatua za makusudi za kuleta usawa kazini hazihesabiwi kuwa ubaguzi. Na Katiba yetu, Ibara ya 13, ibara ndogo ya 5, haiizuii Serikali kuchukua hatua za namna hiyo ili kurekebisha matatizo katika jamii. Basi pande zote mbili zina kipande cha sheria mkononi. Kazi yetu ni kuviunganisha.

Sasa mtaniuliza: kama sheria inakataza ubaguzi, upendeleo wa nini tena? Si wote wapimwe kwa kipimo kimoja?

Nitatoa mfano wa hapa nchini. Mwaka 1974 Azimio la Musoma lilitaka anayemaliza sekondari asiende Chuo Kikuu moja kwa moja, bali kwanza aingie kazini, kisha ndipo aombe nafasi. Sharti lilikuwa moja kwa wote, wavulana kwa wasichana. Kilichotokea ni nini? Wasichana walipungua Chuo Kikuu. Miaka ile ya kusubiri ndiyo miaka ya kuolewa na kuzaa, na aliyekwisha kuwa na mume na mtoto mgongoni harudi darasani kirahisi. Haikuchukua miaka mingi, sharti likalegezwa kwa wasichana. Hakuna aliyekaa akapanga kuwabagua. Kipimo kilikuwa kimoja, ila waliopimwa hawakuwa wamesimama mahali pamoja.

Jirani zetu wa Uganda nao, mwaka 1990, waliamua kuwaongezea wasichana pointi 1.5 wanapoomba kuingia Chuo Kikuu cha Makerere. Pointi hizo ni za mlangoni tu. Ukishaingia, mtihani ni ule ule na shahada ni ile ile. Naomba mlikumbuke hilo, nitalirudia.

Na sisi wenyewe tusijifanye hatujui ladha ya upendeleo. Tangu mwaka 2018 sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hata katika sanduku letu, kwa nini tuliweka ukomo wa hisa tano kwa kila mkutano? Ni ili mwenye duka asije akammeza mwenye genge. Huo nao ni usawa wa kutengeneza kwa mikono. Haukujileta wenyewe.

Lakini, ndugu zangu, wale wanaopinga wana hoja, na si haki kuwaita wapinga maendeleo.

Hoja ya kwanza: kijana wa kiume asiye na ng'ombe wala shamba, aliyejifunza mashine kwa jasho lake, amekosa nini hata afungiwe mlango? Hoja ya pili: mwanamke atakayepata kazi kwa upendeleo ataitwa wa kubebwa. Hili ni kweli. Mmesikia jinsi baadhi ya watu wanavyotamka "wa viti maalumu" kama tusi, ingawa viti hivyo vimo katika Katiba, Ibara ya 66, navyo havipungui asilimia 30 ya wabunge. Hoja ya tatu: upendeleo hunyakuliwa na aliye karibu na chungu. Tukisema "wanawake tu", je, atapata binti wa mjane wa kule pembeni, au atapata mdogo wake mweka hazina? Mnacheka, lakini mnaelewa.

Ulaya walibishana juu ya jambo hili hili. Mji wa Bremen, Ujerumani, ulikuwa na sheria kwamba mwanamke na mwanamume wakilingana sifa, na wanawake ni wachache katika kazi ile, basi mwanamke apewe moja kwa moja. Mwaka 1995 Mahakama ya Ulaya ikaikataa, kwa sababu ilifunga mlango bila kumtazama mtu. Mwaka 1997, katika kesi nyingine ya Ujerumani, mahakama hiyo hiyo ikakubali utaratibu wa namna hiyo, mradi mwanamume naye aangaliwe kwa hali yake mwenyewe. Maana yake: upendeleo unaweza kuelekeza mizani ikiwa imesimama sawa, ila usivunje mizani.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: upendeleo uwe kwenye kufundisha, haki iwe kwenye kupima.

Mwanamke asiyewahi kushika mashine hatashinda usaili wa mashine, hata tangazo likiandikwa kwa lugha tamu. Basi kabla ya kutangaza kazi, kikundi kilipie mafunzo ya mabinti wawili, VETA au kwa fundi, wajue kubadili mkanda, chekeche na nyundo. Hapo ndipo tupendelee, na waliosahauliwa wawe mbele. Wakirudi, kazi itangazwe sokoni na kwenye ofisi ya kijiji, wazi kwa wote. Jaribio liwe moja: washa, saga, zima, safisha. Wakilingana wawili, achukuliwe yule ambaye wenzake ni wachache katika kazi hiyo, baada ya kutazama hali ya kila mmoja. Ndugu wa kiongozi akiomba, kiongozi huyo atoke nje ya chumba.

Kazi ya karani wa mizani hufanywa kwa kukaa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri wa watu 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya wafanyakazi wenye ulemavu. Sisi wawili wetu hatufiki huko, ila hakuna anayetuzuia kufanya lililo jema.

Na tuandike kabisa: akiajiriwa mwanamke akajifungua, ana siku 84 za likizo ya malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini ana hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Tutenge fedha hizo sasa. Wanaodai "wanawake tu" kisha wakanung'unikia likizo ya uzazi watakuwa wamemwita mgeni na kumficha kigoda.

Mkutano ujao tutapiga kura. Atakayeshindwa asisuse. Sanduku hili lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Akinuna mmoja tu, halifunguki.