Dawa za Mgongo na Tumbo Letu
(Maneno aliyosema mwanachama mwenzetu mkutanoni)



Palizi ya uwele imetubana, migongo inauma, na diklofenaki zinamezwa kama karanga. Mimi nilizimeza miezi mitatu, kila mara na uji, nikidhani uji utalinda tumbo. Nikatapika damu.

Kumbe uji unapunguza kichefuchefu tu. Dawa ikiisha kuingia kwenye damu hupunguza ule ute unaolinda tumbo. Basi hata sindano yaweza kuleta vidonda, msidanganyike.

Ibuprofeni ya kiasi kidogo ina nafuu. Indomethasini na piroksikamu ni kali zaidi. Selekoksibu inalihurumia tumbo, lakini mwenye ugonjwa wa moyo ajihadhari: ndugu yake, rofekoksibu, iliondolewa sokoni mwaka 2004 kwa kudhuru moyo. Panadol siyo ya ukoo huu.

Wazee, waliowahi kuugua vidonda na wanaotumia aspirini, waulizeni zahanati kuhusu omeprazoli ya kulinda tumbo. Msichanganye mbili za ukoo huu, wala kuzishushia pombe, jamani!

Ukiona choo cheusi kama lami, acha dawa, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Usingoje mnada upite.